Kijana wa Misri Tuliyemwombea Mguu

Kitabu chenyewe nilikipata kwa njia ya adhabu, kama ninavyopata vitu vyangu vingi vizuri. Nilikuwa kidato cha tatu, na nilikuwa nimesimama mbele ya darasa natembea mwendo wa mwalimu wa nidhamu: kifua mbele, mkono mmoja mgongoni, kisigino kinagonga sakafu kana kwamba sakafu nayo imechelewa mstarini. Darasa zima lilikuwa hoi kwa kicheko. Ghafla likanyamaza, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni heshima. Kumbe mwalimu mwenyewe alikuwa mlangoni, anautazama mwendo wake ukipita.

Hakunichapa. Alinipa ufunguo wa stoo ya maktaba akaniambia nipange vitabu mpaka akili inirudie. Stoo yetu ni mahali ambapo watu wema wa nchi za mbali hutupia vitabu wasivyovitaka tena, ila wanatupa kwa adabu. Kuna kitabu cha kufuga mbwa wanaovuta magari kwenye theluji, nakala kumi na nne. Kuna mwongozo wa kutengeneza bustani ya barafu. Chini kabisa, ndani ya boksi ambalo mchwa walikuwa wamekula kona moja wakaghairi, nikakuta kitabu kinene cha kijani, cha Kiingereza, hakina hata gamba la mbele. Nilikifungua nikitafuta picha. Nikakuta barua.

Zilikuwa barua za watu wa Misri ya kale, enzi zile Wagiriki na baadaye Warumi walipoishika nchi. Wala hazikuwa barua za wafalme. Wafalme nimewachoka tangu darasa la nne. Zilikuwa za watu hivihivi tu. Mtu kaazimwa mtungi na hajaurudisha. Mtu punda wa jirani kamlia majani yake. Mtu anamuuliza dada yake kama yule kuku mweupe bado anataga. Waliandika kwenye karatasi za mafunjo, wakasomeana, wakazitupa jalalani, na mchanga mkavu wa kule ukazihifadhi. Baada ya miaka isiyohesabika wakaja wataalamu na brashi ndogo, wakaanza kuchokonoa lile jalala.

Nilikaa juu ya boksi la mbwa wa theluji nikasoma mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Natoka, kitabu kiko ndani ya begi. Nilikiazima. Hakukuwa na mtu wa kumwomba ruhusa, kwa hiyo nikajiomba mwenyewe, nikajikubalia.

Naishi Mkolani na bibi yangu, mzaa mama. Mama anafanya kazi Geita, na kila mwisho wa mwezi anavuka daraja la Busisi kuja kuhakikisha kwamba bado nipo shuleni. Bibi ni Mjita, mtu wa kando ya ziwa huko upande wa Mara, na amekaa Mwanza miaka inayozidi niliyo nayo mara nne. Wakati huo macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, anasubiri zamu ya upasuaji. Alikuwa anaona mwanga, anaona mtu kasimama, ila asione ni nani. Vilivyobaki alivimalizia kwa masikio na vidole. Kuku wa mtaa mzima aliwajua kwa sauti.

Uwanja wetu unaishia kwenye jiwe. Wa Mwanza wenzangu watanielewa: si jiwe la kupiga nalo mtu, ni jiwe la ukubwa wa darasa, limekaa pale kabla ya mtaa kufikiriwa. Saa kumi jioni linakuwa limekunywa jua la siku nzima, na ukilikalia unasikia joto linakupanda mgongoni taratibu, mpaka unasahau kama una mtihani. Kutoka juu yake ziwa linaonekana kwa mbali upande wa Nyegezi, jembamba, lina rangi ya bati jipya. Bibi alikuwa anatandika mkeka wake wa mafunjo hapo pembeni ya jiwe, aliousuka mwenyewe alipokuwa bado anaona, anaweka ungo wa choroko mapajani, anachambua. Vidole vilikuwa vinaona. Kijiwe kikikutana na vidole vyake hakina maisha.

Nikawa namsomea hapo, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili moja kwa moja. Na bibi akawa anatoa hukumu. Yule wa mtungi, alisema, aliyeazimwa ndiye mwenye makosa, maana mtungi wa mwenzako hukai nao siku mbili. Yule mwenye punda aitwe yeye na punda. Kuhusu kuku mweupe alifikiri kwa muda, akasema yule dada wa huko ameshamla, anaona haya kuandika.

Halafu siku moja nikafika kwenye barua ya mama mmoja. Alikuwa anamwandikia mwanawe, kijana wa kazi kwenye mashua za nafaka zinazopanda na kushuka mto Naili. Mwanzoni, pale penye jina la mtoto, karatasi ilikuwa imechanika. Na mwishoni pia, sentensi ya mwisho ilikatikia njiani. Wataalamu walikuwa wameweka mabano tu. Mimi sikupenda mabano. Msimuliaji gani anasimama katikati ya maneno na kusema samahani, hapa pana tundu? Kwa hiyo nikasoma hivi:

"Mwanangu mpenzi, kabla ya yote naomba uwe mzima. Mguu wako unaendeleaje? Nimesikia kwa mtu wa mashua ya chumvi kwamba bado unachechemea. Nimekutumia shuka zito na samaki wakavu, umgawie na nahodha ili asikupandishe mlingotini. Tangu maji yajae naona mashua za watoto wa wenzangu tu. Usiponiandikia, nitajua umeoa."

Hilo la kuoa nilipachika mimi kuziba tundu. Bibi alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Vidole vikasimama ndani ya choroko.

"Mto gani huo?" akauliza.

Nikamwambia Naili. Na kwa kuwa jiografia ndiyo somo pekee ninalolala nusu kipindi tu, nikamweleza kwamba maji ya mto huo yanatoka huku kwetu. Yanatokea ziwani upande wa kaskazini, Uganda, yanashuka na kushuka, yanapita Sudani, miezi na miezi, mpaka Misri. Bibi akageuza uso kuelekea kule kwenye mwanga, ambako alijua ziwa lipo.

"Kwa hiyo maji tunayofulia leo," akasema, "yule mtoto atayapigia kasia."

Nilikuwa nimeliona ziwa maisha yangu yote na sikuwahi kulifikiria kama kitu kinachokwenda mahali. Kwangu lilikuwa limekaa tu. Jioni ile, juu ya jiwe lenye joto, kile kipande chembamba cha bati kikaanza kusogea. Nikaona maji yanaondoka polepole bila kuaga, yamebeba povu letu la sabuni na vivuli vya ndege, yanaingia kwenye nchi zisizo na majina, na mwisho kabisa kijana mmoja anainama pembeni ya mashua, anayachota kwa kiganja, anaosha kidonda.

"Anaumwa mguu, maskini," bibi akasema. "Na mama yake hajui kama anapona."

Hapo nilisita. Alikuwa amesema anaumwa. Sasa hivi, leo. Nikagundua kwamba tangu barua ya kwanza nilikuwa nimesema ni barua za watu wa Misri, basi, sikuwahi kusema za lini, na yeye hakuwahi kuuliza. Ilinitosha kufungua mdomo niseme neno moja. Lakini nilimtazama anavyochambua choroko kwa mawazo, nikaona ni utamu usio na madhara. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikanyamaza.

Sasa, bibi ni mwenyekiti wa jumuiya. Kila Jumamosi saa moja asubuhi familia za mtaa wetu zinakutana nyumba moja kwa zamu, wanasali, wanasoma Injili, halafu kila mmoja anataja nia yake ya kuombea. Wanaume wachache, watoto wa kulazimishwa kama mimi, wengine wote ni akina mama. Jumamosi iliyofuata mtu akamwombea mumewe, mtu akaombea mvua, ikafika zamu ya bibi. Akasema tumwombee kijana wa Misri, anafanya kazi kwenye mashua, ana kidonda mguuni, na mama yake anamsubiri.

Nilitazama sakafu kwa bidii kubwa.

Katibu wa jumuiya ni mama mmoja muuza dagaa, jirani yetu nyumba ya tatu, ana daftari, na kalamu yake imefungwa kamba shingoni isije ikatembea. Ana mdomo mkali, na mtu asiye na jina hamwandiki. Akauliza jina la huyo kijana. Bibi akanigeukia upande niliokuwepo.

"Mjukuu wangu ndiye anayesoma barua zake."

Ulimi wangu una akili zake tofauti na za kwangu. Nikasikia unataja majina yote mawili ya mwalimu wa nidhamu. Yeye anasali parokia hiyohiyo ila yuko jumuiya ya ng'ambo ya barabara, kwetu hakuna aliyemjua. Katibu akaandika kwa herufi kubwa chini ya kichwa cha Wasafiri na Wagonjwa. Wakamwombea kwa moyo. Mimi nilikuwa nimeuma kona ya kanga ya bibi ili nisipasuke.

Nilifikiri mambo yangeishia hapo. Jumamosi iliyofuata, kabla hata ya wimbo wa kufungulia, katibu akaniuliza mguu wa yule kijana unaendeleaje. Wote wakanitazama. Nikasema uvimbe umepungua. Watu wakashukuru Mungu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kwa hiyo nikaanza kutunga. Wiki ya tatu nilimpa malaria. Wiki ya nne nahodha alimshusha kazini akamrudisha. Wiki ya tano kulikuwa na msichana kwenye mtumbwi wa vitunguu, naye alimpa dawa ya majani ya kuweka kwenye kidonda, na hapo akina mama walianza kuwahi jumuiya. Mmoja alileta chupa ya chai isiyo ya zamu yake. Katibu, yule mwenye mdomo mkali, aliniuliza pembeni kama yule msichana ana wazazi.

Na kusema kweli hata mimi nilishamwamini. Nilikuwa namwona darasani kwenye vumbi la chaki. Siku moja nilimsindikiza mama mpaka Kigongo, gari lake likapanda darajani, nami nikashuka chini ilipokuwa gati ya kivuko. Mahali pamepoa siku hizi. Mafunjo yamesimama majini na vichwa vyao vya nywele, magugu maji yanapumua juu na chini, daraja liko juu huko linanguruma kama kitu cha watu wengine. Kukawa na mtumbwi unafungwa, na kijana mmoja akashuka na kamba begani. Anachechemea. Nilisimama nikamtazama bila aibu, maana kwa dakika ile sikujua niko mwaka gani.

"We dada," akasema, "nimefanana na nani?"

"Na mtu wa Misri."

"Mwambie anitafutie kazi."

Nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu, na nusu yangu ilikuwa haicheki.

Ilikuwa wiki ya tisa bibi aliponiita nje, akaniambia nilete karatasi na kalamu. Nilikuta ameshajifunga kitambaa vizuri, amekaa wima juu ya mkeka kama mtu anayepigwa picha. Akasema anataka kumwandikia yule mama. Jumapili ijayo, akaongeza, ni zamu ya jumuiya yetu kupeleka nia zake kwenye misa kubwa, ameshamwambia katibu jina la kijana liwe la kwanza, na ni vizuri mama yake ajue. Akaanza kunitamkia, nami niandike:

"Mwambie shikamoo ikiwa amenizidi, kama hajanizidi mwambie habari za siku nyingi. Mwambie mimi pia nasomewa, sisomi. Mwambie mtoto wake huku kwetu si mgeni."

Kalamu ikasimama. Nilikuwa nimesoma kwenye kile kitabu kwamba akina mama wengi wa zile barua hawakujua kuandika. Walikuwa wanakaa hivihivi chini, wanamtamkia mtu, naye anaandika. Na sasa bibi amekaa juu ya mafunjo ananitamkia, na mimi ndiye yule mtu. Anuani ningeweka ipi?

"Bibi," nikasema, "hizi barua si za sasa."

"Za mwaka jana?"

"Za zamani."

"Zamani ya Mjerumani?"

"Kabla ya Mjerumani. Kabla ya mtu yeyote unayemjua. Yesu alikuwa ameshazaliwa, ila si siku nyingi."

Kuku wawili wakapita kati yetu.

"Kwa hiyo amekufa."

"Amekufa, bibi."

"Na mama yake?"

"Wote. Hata yule kuku mweupe."

Hakucheka. Nilitamani nimeze ulimi. Akaniuliza kama mguu ulipona, nikamwambia sijui, barua nyingine haikupatikana. Akauliza malaria je, na msichana wa vitunguu. Nikamwambia hao niliwatunga mimi. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea mzigo mmoja mmoja. Kisha akauliza waliandika kwenye nini mpaka zisioze miaka yote hiyo. Nikamwambia mafunjo, haya haya. Akashusha mkono akaupapasa mkeka aliokalia, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Miaka kumi na moja nawaongoza wale wanawake," akasema hatimaye. "Wamenikasirikia, wamenichoka. Hawajawahi kunicheka. Jumamosi nitasimama niwaambie nini?"

Hapo ndipo niliposikia ubaridi wa kweli, na jiwe lilikuwa bado lina joto. Nilikuwa nimefikiri mzaha huu una mtu mmoja tu wa kuadhibiwa, na mtu huyo amezoea.

"Nitasema mimi," nikamwambia.

"Utasema wewe. Na usiwachekeshe."

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yetu. Walijaa sebuleni mpaka kizingitini, kwa sababu ya msichana wa vitunguu. Nikasimama nikasema yote kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua: barua ni za kale, yule kijana amekufa kabla ya ukoo wa mtu yeyote aliyekaa pale, bibi hakujua, nimedanganya mimi. Halafu katibu akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema taratibu:

"Kwa hiyo wiki tisa tumemwombea marehemu aache kuchechemea."

Kicheko kikaanzia pembeni, kikazunguka chumba. Mama mmoja alishika ukuta. Mwingine alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Nakijua kicheko cha aina hiyo. Nimekitengeneza kwa miaka, najua kinapoanzia na kinapochochewa. Nilikuwa sijawahi kukitazama kutoka upande wa anayepigwa nacho. Bibi alikaa palepale kwenye kiti chake cha mwenyekiti, uso umetulia, haoni nani anacheka na nani hacheki. Ila mikono ilikuwa mapajani inachambua, na hapakuwa na ungo.

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Ulikuwa mzuri, ungekigeuza kile kicheko kinipige mimi. Nikakumbuka nilivyoambiwa. Nikafungua kitabu.

Safari hii sikuziba chochote. Nikasema, mama anamsalimu mwanawe, halafu nikasema, hapa pamechanika, jina halipo. Nikasoma mguu, shuka, samaki wakavu. Nikasoma mashua. Nikafika mwisho: "Usiponiandikia, nitajua." Nikasema hapa napo pamechanika, hakuna zaidi. Nikafunga.

Kicheko kilikuwa kimeondoka bila mtu kukifukuza. Nje kulikuwa na mtu anapiga bati nyundo, akaacha.

"Rudia pale kwenye mashua," katibu akasema.

Nikarudia. Tangu maji yajae naona mashua za watoto wa wenzangu tu. Katibu ana vijana wawili kwenye kambi za uvuvi visiwani, na simu za kule hushika zinapotaka zenyewe. Sidhani kama mle ndani kulikuwa na mama ambaye hajawahi kusimama ufukweni anahesabu mitumbwi isiyo yake. Akaivuta kalamu kutoka kifuani, akaishika juu ya lile jina, asilikate.

"Huyu alikaliwa matanga?"

Nikasema haijulikani.

"Sisi taarifa imetufikia leo," akasema. "Taarifa ikifika, watu wanakaa. Au utaratibu umebadilika, mama mwenyekiti?"

Huo utaratibu naufahamu. Mtu wa kwetu akifia mbali akazikwa hukohuko, habari ikichelewa wiki au mwezi, hakuna anayesema imeshachacha. Msiba unaanza siku uliposikika. Sikujua tu kwamba hauna kikomo cha nyuma. Mikono ya bibi ikatulia.

"Haujabadilika," akasema.

Basi tukakaa. Mikeka ikatolewa nje, ukiwemo ule wa mafunjo, na bibi akawekwa katikati kama mfiwa. Mmoja akaenda kukoroga uji, chupa za chai zikaja, ukaanzishwa wimbo wa marehemu, ule wa taratibu. Waliopita njiani walisimama wakasema poleni. Jirani mmoja, mzee fundi baiskeli, aliuliza nani amefariki, akaambiwa kijana wa Misri, wa mashuani. Akavua kofia, akapewa chai, akauliza aliugua nini, akaambiwa mguu, na mengine hayajulikani. Akatikisa kichwa akasema miguu ni kitu cha kuwahi hospitali.

Sikucheka. Nilikaa kwenye ukingo wa mkeka nikiusikia wimbo unavyopanda na kushuka, na jua linavyotambaa juu ya jiwe, na ikaniingia fikra kwamba huenda huko mtoni, siku moja isiyo na tarehe, kijana alikuwa amelala juu ya magunia ya ngano, ghafla akasikia watu wanamwimbia kutoka upande maji yanakotokea. Akainua kichwa. Asione mtu. Akalala tena.

Jioni katibu alihamisha jina kutoka kwa wasafiri kwenda kwa marehemu. Nilimwona akiliandika upya, herufi kubwa, majina yote mawili, na ndipo nilipokumbuka ni majina ya nani, na kwamba hakuna aliyeniuliza nimeyatoa wapi ilhali pale penye jina pamechanika. Ningeweza kusema. Lakini nilikuwa nimeshatubu mara moja siku ile, nikaona inatosha.

Jumapili kanisa lilijaa. Mwalimu wa nidhamu alikuwa benchi la tatu, kifua mbele, suti ya kijivu. Msomaji akafika kwenye orodha ya jumuiya yetu: tuwaombee marehemu wetu, na wa kwanza akiwa mwalimu, kwa majina yote mawili, wazi kabisa, kwenye kipaza sauti. Waliomfahamu wakageuka kumtazama. Yeye akageuka kuwatazama waliogeuka. Kisha, kwa ule uzoefu wake, akaendelea kugeuka mpaka akanifikia.

"Mbona benchi linatikisika?" bibi akanong'ona.

"Ni mimi, bibi."

Jumatatu nilikuwa ofisini kwake kabla ya kuhesabu namba mstarini. Fimbo ilikuwa mezani, imelala.

"Nilikufaje?" akauliza.

Nikamweleza kila kitu, na kitabu nikakitoa kwenye begi. Akavaa miwani akaisoma ile barua akiwa amesimama, akairudia, akakaa. Nje mstari ulikuwa unapangwa bila yeye, umepinda.

"Huyu alikuwa anachechemea mguu upi?"

"Barua haisemi, mwalimu."

"Ungeutembea vipi, basi?"

Nikatazama miguu yangu, wa kulia kisha wa kushoto. Akavuta daftari la kuazimia vitabu, lenye vumbi juu, akaandika jina langu na kitabu, bila tarehe ya kurudisha. Akaniambia stoo bado haijapangika, niendelee kila Ijumaa mpaka mwisho wa mwaka. Na akaniagiza nikamwombe katibu wetu amtoe kwenye marehemu, ila yule mwenye mguu asitolewe.

Katibu alininyanyua kwa maneno mpaka mtaa wa pili ukajua. Alipomaliza akalikata lile jina, na hakuandika lingine. Mahali pake akachora mstari mfupi, mtupu. Sasa kila msomaji anapofika hapo anasita kidogo, hajui atamke nini, na jumuiya yetu yote inaitikia.

Jioni ya siku ile jina lilipokatwa tulirudi mkekani. Bibi alikuwa na ungo wa choroko mpya, zenye vijiwe vingi. Ziwa lilikuwa limepauka kwa mbali, hujui linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nikamuuliza kama bado anataka kusomewa, akasema kwani nimemsikia anakataa.

"Soma," akasema. "Na pakichanika, nyamaza."

Nikafungua barua iliyofuata, ya mzee mmoja aliyekuwa anaagiza mbegu za figili. Palichanika mapema, mstari wa pili. Nikanyamaza. Vidole vya bibi vikasimama, akageuza uso kule kwenye mwanga, na tukakaa hivyo mpaka nilipojua kwamba amesubiri vya kutosha, ndipo nikaendelea.